Jina la Felisita Lililosomwa Mbarara

Tangu turudi, kila anayesimama mbele ya kibanda changu hapa Misiera, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kununua dagaa huniuliza jambo lilelile: Furaha, kule Mbarara mlikuta nini? Nimewajibu kwa vipande, huyu kipande hiki na yule kile, na sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa vibaya. Wengine wanasema mama yangu amekuwa Mkatoliki. Wengine wanasema dada yangu ameonekana. Basi nawaandikia wote kwa pamoja, ninyi mliouliza kwa moyo mwema, nieleze safari ilivyokuwa tangu tulipotoka.

Misiera

Wengi mnamjua mama yangu kama Mama Felisita, lakini Felisita mwenyewe hamkumwona. Ni dada yangu mkubwa. Kule kwetu Fizi, Kongo, jioni moja watu wenye bunduki waliingia kanisani kwaya ikifanya mazoezi. Mimi nilikuwa uani na mtoto wake mgongoni, kwa sababu alikuwa analia na Felisita alitaka kuimba kwa utulivu. Niliposikia milio nilikimbia na mtoto. Kati ya waliokuwa ndani, wengine walizikwa kesho yake, wengine walichukuliwa msituni. Felisita hakuonekana kati ya waliozikwa. Mtoto yule ndiye Neema, ambaye sasa anasoma darasa la nne na ananiita mama mudogo.

Tangu siku ile mama hakukubali matanga. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na habari, kwa hiyo kwake hapakuwa na kifo. Kila aliposikia wageni wapya wamefika kutoka Kongo alikwenda Kabazana, pale wanapopokelewa, akawapitia mmoja mmoja akiwauliza. Mimi moyoni nilikuwa nimeshamzika dada yangu siku nyingi, ila sikuthubutu kulisema nyumbani.

Ndipo jirani yetu Esta akarudi kutoka Mbarara, alikokuwa amempeleka mtoto hospitali. Mvua ilimkuta njiani akaingia katika kanisa la Wakatoliki kujikinga, na misa ilikuwa inaendelea. Esta ni Mprotestanti kama sisi na Kinyankore, lugha ya huko, hakijui. Lakini padri alipokuwa anasoma majina, alisikia wazi: Felisita. Akamuuliza mama mmoja aliyeketi karibu naye ni majina ya nani. Yule mama akamwambia kwa Kiswahili cha sokoni kwamba hao ni watu waliouawa kwa sababu ya dini.

Esta alikuja nyumbani akaketi bila kuvua viatu. "Mama Felisita," akasema, "sijue ginsi ya kukuambia. Kule Mbarara banasoma jina ya mutoto wako. Banamusoma mu bale balikufa juu ya Mungu."

Mama hakulia. Alimuuliza kanisa liko upande gani wa mji, lina rangi gani, padri alikuwa mzee au kijana. Kisha akanigeukia mimi.

"Furaha, tutaenda. Kama banajua jina yake, banajua fasi alikufia."

Nilimwambia kuna kina Felisita wengi duniani.

"Mingi," akasema, "lakini bale baliuawa juu ya kanisa, ni wangapi?"

Nilimwacha Neema kwa Esta, na tukaondoka.

Rwekubo

Tulipanda pikipiki mpaka Rwekubo, yanakopatikana magari ya Mbarara. Tulipokaribia Kabazana, dereva ambaye anamjua mama alipunguza mwendo bila kuambiwa, maana wageni walikuwa wamejaa uani, wengine bado wameshika mafurushi yao. Mama alimgusa begani aendelee. Aliangalia mbele tu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akipita Kabazana bila kumtazama mtu usoni, na hapo nilielewa kwamba ameamini maneno ya Esta.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara na pale Rwekubo magari yalikuwa hayaendi. Tulikaa kwenye benchi la muuza chapati asubuhi yote. Mwisho alitokea mtu mmoja mwenye pikapu ya ndizi, jina lake Tumwine, akasema atajaribu, na kwamba mbele kuna nafasi ya watu wawili wasiokuwa wanene.

Tumwine alipenda kuongea. Kiswahili chake kilikuwa cha kule kwao, kifupi na chenye haraka.

"Mama nakwenda Mbarara kufanya nini?"

"Naenda kutafuta mutoto wangu," mama akajibu.

"Iko wapi, huyo mtoto?"

"Mu kanisa."

Tumwine aliridhika sana. "Basi hiyo ni mzuri. Mtoto kama iko kanisani, hakuna shida. Wangu iko kwa baa."

Nilimtazama mama nikidhani ataumia. Alikuwa anatabasamu kidogo, wala hakumsahihisha.

Nyumba ya karibu na barabara

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko mmoja pikapu iliteleza ikaingia mtaroni, na ndizi nusu zikamwagika kwenye matope. Hakuna aliyeumia. Tumwine alizunguka gari lake akishika kiuno, akasema itabidi kungoja trekta ya tajiri mmoja wa karibu, naye tajiri huyo ameenda harusini.

Juu ya barabara palikuwa na nyumba yenye migomba. Mimi na mama tulipanda kuomba kujikinga mvua. Nilibisha hodi na kusalimu kwa Kiswahili, na nikaona pazia likirudi haraka mahali pake. Hakuna aliyefungua. Tulisimama barazani tumelowa, mpaka Tumwine alipokuja kuongea kwa Kinyankore, ndipo mlango ukafunguliwa na bibi mmoja mzee, na nyuma yake mumewe.

Mzee yule alijua Kiswahili kidogo. Alitupa viti, kisha akaomba radhi.

"Mke wangu naogopa Kiswahili. Zamani, kama nasikia Kiswahili kwa mlango, ni jeshi. Watu nakimbia kwa shamba."

Mama alimtazama yule bibi. "Kwetu pia tulikimbia," akasema. "Na bale balitukimbiza balisema Kiswahili kama sisi. Lakini na nyimbo zetu za Mungu ni mu Kiswahili. Sasa tungefanya nini, tuache kuimba?"

Mzee alimtafsiria mkewe. Bibi akasema kitu, akaingia jikoni.

Alirudi na karo, ugali wao wa ulezi, mweusi na laini, na bakuli dogo la kitu cheupe kizito. Mama alikuwa anasikia baridi. Alidhani ni uji, akaliinua bakuli akanywa. Uso wake ulibadilika, lakini aliheshimu nyumba ya watu akameza. Kumbe ni eshabwe, mchuzi wa samli na chumvi, ambamo tonge huchovywa kidogo kidogo. Bibi alificha mdomo kwa kitambaa chake, mabega yakatikisika kwa kicheko, halafu akaja akakaa karibu na mama, akamega tonge, akachovya, akamlisha kwa mkono wake. Baada ya hapo hofu ya Kiswahili iliisha.

Wakati wa kula mzee aliuliza, kama watu wanavyouliza, mama ana watoto wangapi. Swali hilo mama huulizwa mara nyingi, na jibu lake hutoka upesi: babili, wawili. Safari hii alisema "babili," akalitazama tonge mkononi.

"Sijue," akasema. "Naenda kuuliza."

Mzee hakutafsiri. Trekta haikuja mpaka asubuhi, na tulilala pale.

Mbarara, kanisa la kwanza

Tulifika mjini siku ya pili, jua likiwa kali na nguo zetu zikinuka ndizi na matope. Tumwine alitushusha sokoni akakataa kupokea kitu. Mama akamwambia mtu wa bodaboda: tupeleke kwenye kanisa kubwa ambamo wanasoma majina ya watu waliouawa. Yule mtu akauliza ni kanisa la dini gani. Mama, aliyedhani anaulizwa dini yake yeye, akajibu kwa fahari, "Sisi ni Baprotestanti."

Basi akatupeleka kwa Waprotestanti. Huku Uganda jina hilo wanapewa Waanglikana, na kanisa lao la hapo ni zuri na lina nyasi zilizokatwa vizuri. Mama mmoja aliyekuwa anapanga maua alitupokea. Mama yangu alimweleza habari yote akisimama, jinsi Esta alivyosikia, na kwamba amekuja kuuliza mwanawe alikufia wapi. Yule mama aliweka maua chini.

"Nyabo, mama, hapa hatusomi hivyo," akasema taratibu. "Sisi tunakumbuka mashahidi wa Uganda, wale walichomwa moto zamani. Walikuwa Wakatoliki na walikuwa wetu, wote pamoja. Lakini Felisita, hapana. Jaribu kule kwa Wakatoliki." Akatusindikiza mpaka barabarani, na kabla ya kutuacha akauliza kama mtoto huyo alikuwa mkubwa.

"Alikuwa anaimba sauti ya kwanza," mama akamjibu.

Mbarara, kanisa la pili

Kanisa la Wakatoliki lilikuwa mlimani, na tuliupanda mlima kwa miguu kwa sababu mama alikataa kupanda tena kitu chochote chenye magurudumu. Alikuwa anasimama kila mara kupumua. Nilikuwa na hasira na Esta, na mvua iliyomwingiza mle, na mimi mwenyewe kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema tusiende. Nilijua kinachotungoja juu. Mtu angetuambia kwamba huyo ni Felisita mwingine, na mama angerudi na majonzi aliyotoka nayo, na miguu iliyovimba.

Padri aliyetupokea alikuwa mzee mwenye fimbo, aliyestaafu, lakini bado husoma misa ya asubuhi. Alikuwa amesoma Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabuni. Mama alimwita "Muchungaji" mpaka mwisho, na yeye aliitika.

Alimsikiliza mama bila kumkatiza. Kisha alivuta kiti chake karibu.

"Mama, pole sana. Jina lile ni la mtu mwingine. Naomba nikueleze habari zake, kwa sababu umetoka mbali kwa ajili yake."

Mama aliinamisha kichwa. Niliweka mkono mgongoni mwake, nikahisi mifupa.

Padri akasimulia. Kwamba zamani, wakati Ukristo bado mchanga na serikali ya Roma ikitaka kila mtu amtolee mfalme sadaka, katika mji wa Karthago huku huku Afrika, upande wa kaskazini, walikamatwa vijana waliokuwa wanajifunza dini. Mmoja aliitwa Perpetua, mama kijana anayenyonyesha, ambaye baba yake alimpigia magoti akane imani yake. Mwingine alikuwa mtumwa, mwenye mimba kubwa, naye jina lake Felisita. Alijifungua gerezani. Uchungu ulipomzidi akalia, askari mmoja akamcheka, akamuuliza atafanyaje mbele ya wanyama wakali ikiwa hili tu linamliza. Akamjibu kwamba sasa anateseka peke yake, lakini siku ile kutakuwa na mwingine ndani yake, Bwana wake, atakayeteseka kwa ajili yake. Akazaa mtoto wa kike. Siku chache baadaye waliuawa wote, wakiwa wamebusiana kwanza.

"Na mutoto?" mama akauliza.

"Dada mmoja wa kanisa alimchukua akamlea kama binti yake mwenyewe."

Sikuweza kumtazama mama, wala yeye hakunitazama. Mkono wake ulitafuta goti langu ukakaa pale.

"Na mama yake huyo Felisita? Ule aliyemuzaa?"

Padri alitikisa kichwa. "Hawakuandika, mama. Alikuwa mtumwa. Habari za baba yake Perpetua zimeandikwa, lakini za mama yake Felisita hatuna."

"Alikuwa naye," mama akasema. "Hakuna mutu hana mama. Hawakumuuliza tu."

Padri alikubali kwa kichwa. Alimwambia kwamba jina la dada yangu hawezi kuliingiza katika maombi yale, kwa sababu yale ni ya watakatifu ambao kanisa zima linawajua. Lakini katika sala hiyo hiyo, akasema, padri hunyamaza mara mbili. Mara ya kwanza kila mtu humtaja moyoni mtu wake aliye hai. Mara ya pili kila mtu humtaja aliyekufa. Hapo hakuna anayeulizwa dini wala karatasi.

Mama aliuliza swali ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulisikia. "Na ule tusiyejua kama anaishi ao alikufa, munamuweka fasi gani?"

Yule mzee alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilidhani atatoa jibu la kwenye vitabu.

"Sijui, mama," akasema. "Miaka yote hii ya upadri, hakuna aliyeniuliza. Kaeni kwa masista leo, mpumzike. Kesho asubuhi mimi nitanyamaza muda mrefu kuliko kawaida, mara zote mbili. Wewe utaamua."

Misa ya asubuhi

Tulikaa nyuma kabisa. Watu hawakuwa wengi: masista, wanafunzi kadhaa, mama mmoja aliyefunga mtoto mgongoni. Mama alivaa kitambaa safi cha kichwa alichopewa na sista. Kila walipopiga magoti sisi tulibaki tumeketi, kwa kutojua kama tunaruhusiwa.

Kinyankore kiliendelea juu ya vichwa vyetu. Kisha padri akanyamaza.

Nilijua hii ni ya walio hai. Nilimtazama mama kwa upande. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na mikono imelala juu ya magoti. Nilingoja aseme. Nilikuwa na hakika atasema, maana miaka yote yeye ndiye aliyemshikilia Felisita upande huu. Kimya kikawa kirefu, mwanafunzi mmoja akageuka kutazama kuna nini, na mama hakusema kitu. Nikaona nafasi inapita na dada yangu hana mtu. Hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe, chini chini: "Felisita."

Mimi niliyekuwa nimeshamzika. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo. Nilipoona mama amemwachilia, mikono yangu ilimdaka.

Misa ikaendelea, kengele ndogo ikapigwa, watu wakainama. Padri akanyamaza mara ya pili. Sasa mama alisimama. Katika kanisa lile la watu wasiotujua alisema kwa sauti kamili, kama anavyoita mtu aliye ng'ambo ya shamba: "Felisita, mutoto wangu."

Hakuna aliyemzuia. Padri aliinamisha kichwa akangoja, kisha akaendelea kusoma, na baada ya kitambo kidogo majina yakaja. Katikati ya maneno tusiyoyaelewa tulilisikia sote wawili, kama Esta alivyolisikia: Felisita, na jina la Perpetua likifuata karibu nalo. Mama alikuwa bado amesimama.

Nje, kwenye ngazi, nilimuuliza kwa nini amefanya vile, yeye ambaye hakutaka hata neno matanga litamkwe.

Alikaa kwanza akanyoosha miguu. "Kama iko muzima," akasema, "siku akirudi nitamuomba musamaha, na atacheka. Lakini kama alikufa, Furaha, basi miaka yote hii hakuna mutu alimulilia. Hata mama yake. Ule wa padri, banamutaja kila siku, na hawajui hata mama yake. Mimi niko mama yake, na nilikuwa nimenyamaza."

Ndipo akalia. Alilia hapo kwenye ngazi kwa muda mrefu, na masista waliopita walipunguza mwendo.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi, barabara imekauka. Tulipofika, mama alimwambia Esta mwenyewe kwamba jina lilikuwa la mtu mwingine. Esta alijishika mdomo, akataka kupiga magoti, na mama akamwinua. "Usiombe musamaha. Ulinipeleka fasi nilipaswa kwenda."

Matanga mliyaona wenyewe, wengi wenu mlikuja. Mchungaji wetu alisita kidogo. Alisema hajawahi kuongoza matanga ya mtu asiyejulikana kama amekufa, na kwamba sisi hatuwaombei wafu. Mama akamjibu kwamba hamwombei mtu, anataka kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe mbele ya watu. Mchungaji akaja. Wanawake wa kwaya wakaimba, na mama akaimba nao sauti ya kwanza, vibaya.

Kwa hiyo hapana, mama hajawa Mkatoliki, na dada yangu hajaonekana. Kilichobadilika ni sala yetu ya jioni. Mama humshukuru Mungu kwa Felisita aliyekuwa. Mimi, nikifika zamu yangu, namwomba Mungu amlinde Felisita popote alipo. Hatujakubaliana, na hatugombani.

Juzi Neema alitusikiliza sote wawili, akafungua macho kabla ya wakati.

"Bibi anasema mama alikufa. Mama mudogo anasema iko. Mimi niseme amina ya nani?"

Nilimwachia mama ajibu. Alimvuta Neema akamweka kati yetu.

"Ya bote babili," akasema. "Sema mara mbili."

Neema akafumba macho, akasema amina, akapumua, akasema tena.